Rufaa ya Muzio Clementi

Mwaka 1954 Vladimir Horowitz hakuwa akipanda jukwaani. Mpiga piano huyo mzaliwa wa Ukraine, ambaye jina lake peke yake lilitosha kujaza ukumbi mkubwa wa New York, alikuwa ameacha maonyesho ya hadhara mwaka mmoja kabla, na hakurudi mpaka 1965. Kampuni ya santuri ya RCA Victor ikabidi imfuate nyumbani kwake Manhattan na mitambo ya kurekodia. Wapenzi wake walimzoea kwa Liszt, Chopin na Rachmaninoff, muziki wa ngurumo na machozi. Safari hii akawapa sonata tatu za Muzio Clementi, mtu ambaye wengi wao walikutana naye utotoni tu, pale mwalimu alipowakalisha mbele ya piano na kuwaamuru warudie kipande kilekile mpaka vidole vitii. Ilikuwa kama mpishi anayesifika kwa biriani kuwatengea wageni uji. Na wageni, walipoonja, wakaanza kuulizana uji wa namna hii ulikuwa umefichwa wapi.

Swali lao ni zuri kuliko linavyoonekana. Clementi hakuwa fundi wa kijijini aliyekufa bila kujulikana. Alizikwa Machi 1832 katika Westminster Abbey, jirani na wafalme na washairi wa Uingereza, na wakati wa uhai wake jina lake lilitajwa kuanzia London hadi St. Petersburg. Inakuwaje mtu azikwe kwa heshima hiyo, kisha karne moja na ushei baadaye sonata zake zipokewe kama kitu kipya? Wanahistoria wa muziki wana jibu la haraka: wakati ni chekecheke, na kilichobaki juu ndicho kilichostahili. Mimi nadhani kwa Clementi chekecheke halikutumika kabisa. Hukumu juu yake ilitolewa kabla ushahidi haujafika, ikatiwa muhuri na walimu wa piano waliokuwa na nia njema, na haikukatiwa rufaa mpaka santuri ilipowapa watu wa kawaida nafasi ya kuusikia ushahidi wenyewe. Na ushahidi huo, ukisikilizwa wote, unampa mtunzi huyu kiti cha mbele zaidi kuliko alichoachiwa.

Alizaliwa Roma Januari 1752, mtoto wa mfua fedha. Alikuwa bado kijana mdogo pale tajiri wa Kiingereza aitwaye Peter Beckford, aliyekuwa akizuru Italia, aliposikia anavyopiga kinanda akapatana na baba yake amchukue Uingereza kwa miaka saba. Beckford alikuja kuyaeleza mapatano hayo kwa neno la kununua, na neno hilo halikumsumbua. Utajiri wa ukoo wa Beckford ulitoka kwenye mashamba ya miwa ya Jamaica, yaliyolimwa na Waafrika waliotumikishwa kwa pingu; kwa watu hao, kununua binadamu hakukuwa tamathali ya usemi. Kijana Clementi hakufungwa pingu, lakini alikaa kwenye nyumba ya shamba katika mkoa wa Dorset, mbali na mji wowote wenye muziki, akijifundisha kwa kuchambua kazi za Bach, Handel na Scarlatti. Kupenda kwake Bach hakukuwa kwa mapambo. Hati ya mkono ya Bach ya juzuu ya pili ya prelude na fuga 24, ambayo leo ni miongoni mwa hazina za British Library, ilikuwa mali ya Clementi. Jambo hili tulikumbuke tutakapofika kwenye sonata zenyewe, kwa sababu mtu aliyejilea kwa Bach hakuwa mtu wa kuchezea tu vidole.

Sifa ya vidole, hata hivyo, ndiyo iliyotangulia. Alipohamia London katikati ya miaka ya 1770 na kuchapisha sonata za opus 2 mwaka 1779, kilichowashangaza watu ni kasi: oktavu zinazofuatana kama radi, noti mbili mbili zinazopigwa kwa mkono mmoja pasipo kukosea. Kwa sifa hizo alifika Vienna, na usiku wa tarehe 24 Desemba 1781 Mfalme Joseph wa Pili akamshindanisha na Wolfgang Amadeus Mozart mbele ya wageni wake kutoka Urusi, mrithi wa kiti cha ufalme Paul na mkewe. Clementi alipiga sonata ya B fleti meja, ile iliyokuja kuchapishwa kama opus 24 namba 2, pamoja na tokata yenye noti pacha za kutisha. Mfalme hakumtangaza mshindi. Mozart ndiye aliyejitangazia hukumu, tena kwa barua: Januari 1782 alimwandikia baba yake kwamba Clementi ana mkono wa kulia mwepesi lakini hana hata senti ya ladha wala hisia, ni mashine tu. Mwaka uliofuata aliongeza ukali, akamwita tapeli na kuwaunganisha Waitalia wote humo, kisha akamtahadharisha dada yake asiuharibu mkono wake kwa sonata hizo.

Barua hizo ndizo zilizommaliza Clementi. Zimenukuliwa katika kila wasifu wa Mozart, na kwa kuwa Mozart ni Mozart, nani atabisha? Lakini tuangalie tarehe. Mozart alimsikia Clementi wa mwaka 1781, kijana wa miaka 29. Sonata ya F maina iliyofunga opus 13 ilitoka 1785. Ile ya F shapu maina katika opus 25 ilitoka 1790. Opus 34 ni ya 1795, opus 40 ni ya 1802, na opus 50, kilele cha kazi yake yote, ilichapishwa 1821, wakati Mozart alikuwa kaburini miaka 30. Hakimu alikwisha kuondoka mahakamani kabla shahidi wa maana hajaitwa. Zaidi ya hapo, mshtakiwa mwenyewe alikiri kosa lililomhusu. Mwanafunzi wake Ludwig Berger alisimulia kwamba Clementi, alipoulizwa miaka mingi baadaye kuhusu jioni ile, alimsifu Mozart kwa moyo mweupe, akasema kwamba wakati huo yeye alipenda mbwembwe za vidole, na kwamba upigaji wa kuimba aliupata baadaye, kwa kuwasikiliza waimbaji hodari na kwa kadiri piano za Kiingereza zilivyoendelea kuboreshwa. Kwa hiyo naweza kukubali kwamba Mozart alimwona sawasawa Clementi aliyekuwa mbele yake. Kisichokubalika ni kuitumia hukumu hiyo kwa Clementi ambaye Mozart hakuishi kumwona. (Na kuna kichekesho kidogo: sauti za mwanzo za sonata ile ya B fleti zinafanana mno na zile Mozart alizotumia mwaka 1791 katika ufunguzi wa opera yake ya filimbi ya uchawi. Clementi alipoichapa upya sonata hiyo aliweka maelezo mafupi kwamba aliipiga mbele ya Mozart mwaka 1781. Hakusema zaidi, wala hakuhitaji.)

Walioishi wakati wake hawakuifuata hukumu ya Mozart. Kampuni ya Breitkopf und Härtel ya Leipzig, ilipoanza kuchapa mikusanyo mikubwa ya kazi za watunzi, iliwachukua Mozart na Haydn, kisha ikamchukua Clementi: juzuu 13 kati ya 1803 na 1819. Mwenyewe wakati huo alikuwa amegeuka mfanyabiashara. Mwaka 1798 aliingia katika kampuni iliyofilisika ya Longman & Broderip, na jina lake likawa kwenye piano, kwenye karatasi za muziki na kwenye mikataba. Alimpeleka mwanafunzi wake John Field hadi St. Petersburg kuwapigia wateja piano za kuuza, na Field akabaki Urusi na kuubuni huko mtindo wa nocturne ambao Chopin aliurithi. Mwaka 1807 Clementi alipatana na Beethoven mjini Vienna kuhusu haki za kuchapa Uingereza kazi kadhaa, ikiwemo konseto ya fidla. Mwaka huohuo moto ukateketeza kiwanda chake London kwa hasara kubwa. Piano zilizotoka kiwandani humo, kama nyingine za Ulaya, zilivikwa pembe za ndovu kwenye vibao vyeupe, na kadiri karne ilivyosonga njaa hiyo ya pembe iliifikia pwani yetu na kuigeuza Zanzibar kuwa soko kuu la bidhaa hiyo. Wapagazi waliozibeba kutoka bara hawakujua zilikokwenda zilikuwa zikiimba nini.

Biashara ilimpa mali lakini ilimchelewesha. Kati ya opus 40 na opus 50 kuna pengo la takriban miaka 20, na katika pengo hilo Beethoven aliandika sonata zilizobadili maana ya neno lenyewe. Clementi alirudi kwa mchango uliompa jina la kudumu na kumwangamiza papo hapo: Gradus ad Parnassum, vipande 100 katika juzuu tatu za 1817, 1819 na 1826. Ndani yake mna fuga, kanoni, vipande vya huzuni vyenye uzito wa sonata, na pia mazoezi ya vidole. Mwaka 1865 mpiga piano Carl Tausig akachagua 29 kati ya vipande hivyo, karibu vyote vya mazoezi, na mkusanyo huo mdogo ndio uliotawala shule za muziki. Fuga zikaachwa rafuni. Debussy alipotunga kipande cha kwanza cha mkusanyo wake wa watoto mwaka 1908 na kukipa jina la daktari wa Gradus ad Parnassum, alikuwa akimcheka mtoto anayechoshwa na mazoezi hayo, na Ulaya nzima ilielewa mzaha. Unganisha na hayo sonatina sita za opus 36, za mwaka 1797, vipande vifupi vya wanaoanza vilivyoandikwa kwa uangalifu na kupendeza kwa kweli, ambavyo havijawahi kutoka kwenye vitabu vya wanafunzi. Mitihani ya piano inayotungwa London na kufanywa Nairobi, Kampala au Dar es Salaam imewafanya watoto wa huku nao wamjue Clementi kwa njia hiyohiyo. Mtu aliyelijua jina lake akiwa na umri wa miaka kumi, kwenye ukurasa wenye alama za kalamu nyekundu, harudi kwake akiwa na thelathini. Walimu hawakumchukia, walimpenda sana, ila kama mtu anavyoipenda ngazi.

Sasa hizo sonata. Chukua ya F shapu maina, opus 25 namba 5. Sehemu yake ya kwanza haipigi kelele kutaka kusikilizwa: mstari mmoja unashuka kwa mapumziko mafupi, kama msemaji anayepima kila neno, na mkono wa kushoto unamjibu. Sehemu ya pili, iliyoandikwa polepole na kwa majonzi katika B maina, ina ukurasa mmoja tu wa mawazo, lakini mapigo yake ya nukta na mikwaruzano ya sauti zinazokataa kutulia haraka inaonyesha Bach wa kule Dorset. Halafu sehemu ya mwisho inaleta zile noti pacha zilizomuudhi Mozart, na hapa ndipo hoja inaposimama: noti zile zile, ustadi ule ule, sasa zinatetemeka kwa wasiwasi badala ya kujionyesha. Ufundi umepata kazi ya kufanya. Chukua tena ya G maina, opus 34 namba 2. Inaanza kwa utangulizi mzito wa polepole ambamo sauti zinaingia moja baada ya nyingine zikifuatana kama katika fuga, kisha dhana ileile inageuzwa kuwa alegro ya moto. Katikati ya alegro, msikilizaji akiwa ameusahau utangulizi, unarudi, lakini katika C meja, kana kwamba mtu aliyekuja na habari za msiba amerudi akiwa na sura nyingine. Hiyo ni 1795. Sonata ya Beethoven iitwayo Pathétique, inayosifiwa kwa kurudisha utangulizi wake katikati ya alegro, ilichapishwa 1799. Sisemi Beethoven aliiba. Nasema wazo hilo lilikuwa limekwisha kuchapwa London.

Na kuna ile ya mwisho ya opus 50, G maina tena, aliyoipa jina la Dido aliyeachwa na kuiita mandhari ya msiba. Dido ni malkia wa Karthago, pwani ya Tunisia ya leo, aliyeachwa na mpenzi wake Ainea na kujiua. Sonata za piano zilizopewa kisa kwa jina namna hii hazikuwa nyingi mwaka 1821, na Clementi hakutoa kisa peke yake: aliandika juu ya noti maelekezo yanayomtaka mpigaji atafakari na kusitasita, ahuzunike, na mwishoni akate tamaa kabisa. Kanoni zimefumwa ndani, lakini hazisikiki kama darasa. Mzee wa karibu miaka 70, mwenye kiwanda na hesabu za mikopo, anaandika muziki wa mwanamke anayezungumza peke yake ndani ya nyumba tupu. Ningekuwa na sonata moja tu ya kumpelekea anayemwita Clementi mashine, ningempelekea hii.

Kwa nini haikusikika? Sehemu ya sababu ni ya kiufundi kabisa. Upande mmoja wa santuri ya zamani, ile ya mizunguko 78 kwa dakika, ulibeba dakika nne hivi za muziki. Sonata ya dakika 20 ilihitaji santuri tatu hivi na kukatizwa mara kadhaa, na gharama hiyo haikulipwa ila kwa jina lenye soko tayari. Artur Schnabel alirekodi sonata zote 32 za Beethoven London kati ya 1932 na 1935, na hata hizo zilifadhiliwa kwa njia ya wanachama waliolipa mapema. Kwa Clementi wanachama wangetoka wapi? Santuri ya awali ilifuata sifa, haikuzitengeneza. Mambo yakabadilika mwaka 1948 ilipotoka santuri ndefu ya mizunguko 33 na theluthi, ambayo upande mmoja uliweza kubeba sonata nzima na zaidi. Nafasi ilipopatikana, kampuni zikaanza kutafuta cha kuijaza. Kuna mengi ya karne ya 18 tunayoyajua leo kwa sababu ya plastiki hiyo nyeusi zaidi kuliko kwa sababu ya kitabu chochote, na Horowitz aliingia kwenye mlango huo miaka sita tu baada ya kufunguliwa.

Aliingia na karatasi za zamani mkononi, na hapo tukapata kero ambayo haijaisha. Santuri yake imeandikwa sonata za opus 14 namba 3, opus 26 namba 2 na opus 34 namba 2. Msikilizaji anayetafuta opus 13 namba 6, inayosifiwa vitabuni, hataiona, kumbe anayo: ni hiyo hiyo opus 14 namba 3. Na opus 26 namba 2 ni ile ya F shapu maina niliyoieleza, ambayo wengine wanaiita opus 25 namba 5. Wachapishaji wa London, Paris, Vienna na Leipzig walizipa kazi zake namba kila mmoja kwa mahesabu yake, na mpangilio haukupatikana mpaka Alan Tyson alipotoa orodha yake kamili mwaka 1967. Linaonekana jambo la makarani, lakini sifa ya mtunzi hushikiliwa na makarani pia. Beethoven ukisema opus 57 kila mtu anajua unachosema. Sonata yenye majina matatu ni kama mtu mwenye vitambulisho vitatu: hata akiwa mwaminifu, watu humkwepa.

Pingamizi la kwanza huja hapa, na lina nguvu. Labda kinachosikika kwenye santuri ile ni Horowitz, wala si Clementi. Mtu yule angeweza kuipiga risiti ya sokoni ikasikika kama msiba wa kifalme. Ni kweli kwamba alimvika Clementi joho la karne ya 19: besi inanguruma kuliko piano ya 1790 ilivyoweza, sehemu za polepole zinavutwa, na giza linazidishwa. Kama ushahidi wote ungekuwa huo, nisingeandika haya. Lakini wengine wamepita njia hiyohiyo kwa mikono tofauti kabisa. Arturo Benedetti Michelangeli, ambaye hakujua kupiga noti chafu, alirekodi sonata ya B fleti ya opus 12. Emil Gilels aliichukua ya C meja ya opus 34. Mtaliano Pietro Spada alijipa kazi ya kurekodi piano yote ya Clementi. Nikolai Demidenko alifanya uteuzi wake kwa ajili ya Hyperion, na baadaye kampuni hiyohiyo ikampa Howard Shelley sonata zote, akazikamilisha katika mafungu sita ya diski mbili mbili yaliyoanza kutoka mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Shelley ni kinyume cha Horowitz: mwepesi, mwaminifu kwa karatasi, hapigi kelele. Opus 34 namba 2 mikononi mwake bado inatisha. Kitu kinachobaki baada ya kuwabadili wapigaji ni cha mtunzi.

Ushahidi mzito zaidi unatoka kwa waliorudi kwenye ala za wakati ule. Andreas Staier, na baada yake Costantino Mastroprimiano aliyerekodi mfululizo mrefu kwa ajili ya Brilliant Classics, walimpiga Clementi kwenye piano za zama zake. Vienna na London zilikuwa na piano za aina mbili. Ya Vienna ilikuwa nyepesi, sauti yake inaanza wazi na kufa upesi. Inamfaa Mozart anayezungumza kwa sentensi fupi. Ya London ilikuwa nzito zaidi, nyundo zake zinachelewa kidogo, na sauti inabaki hewani hata baada ya kidole kuondoka. Ukisikia mistari mirefu ya polepole ya Clementi kwenye piano ya Kiingereza, unaelewa maneno aliyomwambia Berger: kuimba huko kulitoka kwenye chuma, nyuzi na mbao alizozifahamu kama mwenye kiwanda. Kumpima kwa kipimo cha Vienna ilikuwa kama kulipima jahazi kwa kipimo cha ngalawa. Vyote vinaelea, lakini havikuundwa kwa shehena moja.

Watetezi wa Clementi hupenda kumleta Beethoven kama shahidi, na mimi ningewashauri wamwache. Habari kwamba Beethoven alizipenda sonata za Clementi kuliko za Mozart, na kwamba alitaka mpwa wake Karl ajifunzie humo, inatoka kwa Anton Schindler, karani wake. Miaka ya 1970 watafiti wa Berlin Mashariki walionyesha kwamba Schindler aliingiza maneno yake mwenyewe katika daftari za mazungumzo za Beethoven baada ya bwana wake kufa. Shahidi wa namna hiyo hafai hata akisema kweli. Mkataba wa 1807 nao unathibitisha biashara tu. Kilicho imara ni kidogo: mwaka 1826 Beethoven alimtafutia mtoto wa rafiki yake, Gerhard von Breuning, kitabu cha Clementi cha mafunzo ya piano, akikiona bora kuliko vingine. Ni sifa, lakini ni sifa ya mwalimu, ile ile inayomwandama. Sonata hazihitaji barua ya utambulisho kutoka kwa jirani. Kilichomo ndani ya opus 34 kinaonekana kwa macho kwenye karatasi yenye tarehe.

Limebaki pingamizi ninalolikubali nusu. Sonata za piano peke yake zinazidi 60, na si zote zilizo nzuri. Ukizisikiliza diski zote 12 za Shelley kwa kufuatana, utapita kwenye nyika ndefu: C meja baada ya C meja, skeli zinazopanda na kushuka kwa sababu mnunuzi wa London alipenda zipande na kushuka, rondo zinazotabasamu bila kuwa na la kusema. Clementi aliandika kwa ajili ya soko na hakuona aibu. Wanaosema mkusanyo kamili unamdhuru mtunzi wa namna hii wana haki kiasi. Hata hivyo mkusanyo kamili umefanya jambo ambalo uteuzi haukuweza: umeonyesha njia. Uteuzi wa Horowitz ulimfanya aonekane mtu wa maina tatu za giza, kana kwamba alizaliwa amekasirika. Ukiwa na zote unamwona kijana wa 1779 anayeringa kwa oktavu, mtu wa 1785 anayeanza kuhuzunika, mfanyabiashara wa 1802 anayefuma kanoni katika sonata ya G meja ya opus 40, na mzee wa 1821. Hakuna anayemhukumu Haydn kwa sonata zake za mwanzo, na ni nani anayempigia Mozart kura kwa sababu ya zile alizoandika kwa wanafunzi? Clementi peke yake ndiye anayekatwa wastani.

Kwenye kumbi za maonyesho bado hajarudi kwa kiasi kinachostahili, na sababu si ngumu. Mpigaji kijana anayetaka kushinda shindano huulizwa Beethoven, na mwenye ukumbi huuza tiketi kwa majina. Sonata zenye uzito wa kweli, kwa hesabu yangu, ni kama kumi au kumi na mbili. Zinatosha kwa jioni tatu, na jioni tatu si haba kwa mtunzi yeyote. Mjini Bologna toleo jipya la kitaaluma la kazi zake zote limekuwa likitoka tangu mwanzoni mwa karne hii, kwa hiyo wapigaji hawana tena kisingizio cha karatasi. Wasikilizaji hawakuwa nacho tangu santuri ya Horowitz ilipotoka mwaka 1955.

Anayetaka kuanza aanze na ile ya F shapu maina, kwa Horowitz kwanza na kisha kwa Shelley, halafu aende kwa Dido kwenye piano ya kale. Ila akumbuke anapotafuta: kwa Horowitz imeandikwa opus 26 namba 2, kwa Shelley ni opus 25 namba 5, na ni sonata moja.